Mizani Mbovu ya Ustadini

Njia aliyopita Mwalimu Siwatu hadi akafika nchi ya Ustadini haina habari. Alitoka kwao, akatembea, akafika. Habari ziko huko alikofika, na ni vyema tuanzie hapo.

Siwatu alikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule ambayo watoto walijifunza mbegu kwa kuandika neno "mbegu" na kulipigia mstari. Walimu wenzake walikaa kikao wakakubaliana kwamba mtoto hujifunza kwa kugusa, na kwamba tangu sasa watafundisha kwa vitendo. Wakakubaliana vizuri kabisa, kisha wakatazamana, maana hakuna aliyejua pa kuanzia. Ndipo mmoja wao akasema kwamba Ustadini wana sheria juu ya jambo hilo, na watoto wa huko hutengeneza vitu vinavyowaacha watu wazima midomo wazi. Basi wakamtuma Siwatu akaone, kisha arudi awaeleze.

Aliyempokea ni Bwana Shomvi, Mkaguzi Mkuu wa Vitendo, mtu mrefu, mpole wa sauti, asiye na haraka. Hakumpeleka kupumzika kwanza. Alimpeleka Jumba la Maonyesho, kwa kuwa, alisema, mgeni akishaliona jumba hilo hata uchovu humtoka.

Siwatu aliona humo majiko madogo ya udongo yaliyopakwa rangi, matundu ya ndege yenye milango ya kufunga na kufungua, na kijiji kizima cha ufinyanzi ambacho ukiinama unaona hata mshono wa mikeka barazani. Aliona saa ya mbao yenye namba za kuchonga, na chini yake jina la mtoto wa darasa la kwanza. Akauliza darasa la kwanza huku huanza na umri gani. Mkaguzi akamjibu kwamba ni umri ule ule wa kila mahali, mtoto akianza kung'oka meno ya mbele.

"Kwetu mtoto wa umri huo bado anahangaika na vifungo vya shati lake," alisema Siwatu.

Mkaguzi alimtazama kwa huruma. "Kwenu hamna sheria," akasema.

Akamsomea sheria yenyewe kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesoma dua. Kila mtoto wa Ustadini atajifunza kwa mikono yake. Kila mwezi ukiandama, kila mtoto ataleta shuleni kazi ya mikono yake. Na kazi hiyo itakuwa nzuri, kwa kuwa kazi mbaya ya mtoto ni aibu ya taifa. Kifungu hiki cha mwisho, alieleza, kiliongezwa na Baraza baadaye, kwa sababu mwanzoni watoto walileta vitu ambavyo hata mtu hakujua avishike upande gani.

Kesho yake Siwatu alipelekwa Shule ya Msingi ya Kitangani. Asubuhi wanafunzi walipanga mstari wakanyoosha mikono ikaguliwe, na aliyekutwa na doa la udongo au gundi alirudishwa nyumbani akanawe. Siwatu alipita nyuma ya mkaguaji akiitazama ile mikono. Ilikuwa laini yote, haina kovu wala sugu. Alijisemea moyoni kwamba watoto hawa huenda wana namna ya kuchonga saa bila kushika kisu.

Mwalimu wa darasa la nne, Mwalimu Kitwana, alikuwa kijana mtaratibu aliyevaa ufunguo shingoni. Ufunguo huo ulikuwa wa Chumba cha Vitendo. Humo ndani, kupitia dirishani, Siwatu aliona visu vidogo, kamba, mbao laini, udongo uliofunikwa kwa vitambaa, vyote vimepangwa vizuri kabisa. Aliuliza watoto huingia saa ngapi. Kitwana alimweleza kwamba hawaingii, kwa sababu vifaa vikiguswa huchakaa, na vikichakaa Mkaguzi ataandika kwamba shule haina vifaa vya vitendo. Lakini kila Ijumaa, aliongeza haraka, watoto hupitishwa hapa dirishani.

Mwezi ule kazi ya darasa la nne ilikuwa mizani. Kitwana alisimama mbele akataja sehemu zake: mti, kamba, vitanga viwili, ulimi. Watoto wakaitikia: mti, kamba, vitanga viwili, ulimi. Wakaitikia wakiwa wamefumbata mikono yao juu ya madawati, kwa sauti nzuri kama ya qasida, na Kitwana akamgeukia mgeni na kumwambia kwamba hapo somo la vitendo limekwisha. Kilichobaki watafanya nyumbani.

Siwatu alipangiwa malazi kwa mama mmoja aitwaye Bi Mwanasha, mjane aliyeishi na binti yake, Chiku, mwanafunzi wa darasa lile lile la nne. Nyumba ilikuwa ndogo, na ua wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Mwanasha alimkaribisha kwa chai na vitumbua, akamwonyesha kitanda, kisha akaomba radhi kwamba atamwacha na mtoto, maana kazi zimemzidi huko sokoni.

Kazi gani, Siwatu alikwenda kujionea mwenyewe.

Nyuma ya soko la Ustadini kuna uchochoro unaoitwa Mtaa wa Msaada. Pande zote mbili zina vibanda, na katika kila kibanda amekaa fundi na kazi zake za watoto. Sheria ya Ustadini inakataza kabisa kununua kazi ya mtoto. Lakini hakuna sheria inayokataza mzazi kusaidiwa, wala inayomkataza mzazi aliyesaidiwa asitoe shukrani. Kwa hiyo pale hakuna anayeuza wala anayenunua. Wazazi huja wakasema wamekuja kuomba msaada wa saa, au msaada wa tundu la ndege, wakaondoka na msaada wao umefungwa ndani ya kanga. Wale wasioweza kutoa shukrani hubaki majumbani mwao wakitengeneza wenyewe baada ya kazi, na ndio maana nusu ya watu wazima wa mji ule wamefungwa vitambaa vidoleni.

Mwanasha alikuwa bingwa wa mizani. Siwatu alimkuta amezungukwa na mizani za kupendeza, mti wa kila moja umechongwa mfano wa shingo ya korongo, vitanga vyake vya kifuu vimesuguliwa hadi vinang'aa. Alikaa karibu naye, akachukua kijiwe akakitia katika kitanga kimoja. Kitanga hakikushuka. Akaongeza kijiwe kingine. Mizani ilitulia vile vile.

"Haiendi chini?" akauliza.

Mwanasha alimwonyesha, bila kuona haya, msumari uliokomewa katikati na kuzungushiwa gundi. Zamani, alieleza, alikuwa akizifanya ziiname. Lakini watoto wakizibeba kwenda shuleni vitanga vilikuwa vikiyumba, na zikiwekwa mezani kwenye maonyesho moja hulala huku na nyingine kule, na Mkaguzi akapunguza alama. Wazazi wakalalamika. Tangu alipoanza kuzikomea msumari hakuna aliyelalamika tena.

Siku zilivyosogea kuelekea maonyesho, Mwanasha alikuwa akitoka jua halijachomoza na kurudi limekwisha zama, vidole vimevimba. Ikawa jioni ya mwisho kabisa alirudi, akaketi mkekani, akasogezewa chakula, na kabla hajanawa mikono usingizi ukamchukua pale pale alipokaa. Chiku alimvua mama yake ndala, akamfunika kanga. Kisha akaketi pembeni. Siwatu alijua anawaza nini. Mizani za mji mzima zilikuwa zimetengenezwa. Ya Chiku haikuwapo.

Alfajiri, Siwatu alipotoka uani kuchota maji, alimkuta Chiku amechuchumaa karibu na mafiga, na mbele yake vifuu viwili, ufito uliokatwa kutoka katika ua wa nyumba, kipande cha kamba na kisu cha kumenyea viazi. Alikuwa akijaribu kutoboa kifuu. Kisu kikateleza. Akanyonya kidole, akajaribu tena.

Siwatu alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akatazama. Mikono ilimwasha kutaka kumpokonya kile kisu. Aliibana katikati ya magoti yake. Alihisi kwamba akisogea hata kidogo tu, mtoto atamwachia kazi yote, maana hivyo ndivyo alivyozoea kuona.

Chiku alitoboa matundu yasiyolingana. Alifunga kamba, ikafunguka. Akaifunga kwa mtindo mwingine, ikashika. Alipouning'iniza ufito, upande mmoja ulianguka chini kabisa, ingawa vifuu vyote viwili vilikuwa vitupu. Hapo akasita. Aliutazama ule ufito kwa muda mrefu sana, uso umekunjamana, mdomo wazi. Akaisogeza kamba ya katikati kidogo. Ukaanguka upande wa pili. Akairudisha nusu ya alikoitoa. Mwishowe akaokota kijiwe chembamba, akakifungia kwenye kifuu chepesi, na ule mti ukapanda taratibu, ukatikisika, ukasimama.

Hakushangilia. Alikwenda jikoni akarudi na kitunguu na kipande cha mkate. Akavitia kila kimoja katika kitanga chake. Mkate ulikuwa mkubwa, lakini kitunguu ndicho kilichoshuka. Chiku akavitoa, akavibadilisha upande. Kitunguu kikashuka tena.

"Kumbe," alisema, kwa sauti ndogo, akimwambia nafsi yake.

Mwalimu Siwatu alifundisha miaka mingi, na neno hilo moja, alivyokuja kusema baadaye, alikuwa hajalisikia darasani mwake hata siku moja.

Siku ya maonyesho meza zilipangwa uwanjani. Mizani za darasa la nne zilisimama safu safu, korongo baada ya korongo, zote zimetulia. Mwisho wa meza ilikuwapo ya Chiku. Ufito wake ulikuwa na magome, vifuu vyake kimoja kinene kimoja chembamba, na upepo mdogo ukipita ilikuwa ikiyumba.

Mkaguzi Shomvi alifika pale akasimama. Alimuuliza Chiku nani aliyetengeneza kitu hiki. Chiku akajibu kwamba ni yeye. Mkaguzi akauliza mara ya pili, kwa upole zaidi, na jibu likawa lile lile. Hapo akaita karani, akasema kwamba kwa masikitiko makubwa ameona udanganyifu wa kazi.

Hoja yake aliieleza pale pale, na watu wote waliomsikia waliona ina mantiki. Amekagua kazi za watoto tangu ujana wake. Katika miaka yote hiyo hajaona mtoto wa Ustadini akitengeneza kitu kibaya namna hii. Mikono ya watoto wa Ustadini haijui kupinda. Kwa hiyo kazi hii haikutengenezwa na mtoto wa Ustadini. Na katika nyumba ya mtoto huyu amelala mgeni, kutoka nchi ambayo watoto, kwa maneno ya mgeni mwenyewe, hushindwa hata na vifungo vya mashati yao. Basi mizani hii ni ya kigeni. Mtoto amesaidiwa, na amesaidiwa vibaya.

Adhabu ya udanganyifu wa kazi ilikuwa mtoto kufutwa shule. Kesi ikapangwa kusikilizwa na Baraza la Vitendo kesho yake asubuhi, na Siwatu akaamriwa asiondoke mjini.

Jioni ile Mwanasha alichambua mchele bila kuutazama. Alimweleza Siwatu mambo yalivyo. Akisimama mbele ya Baraza akasema ukweli, itambidi aseme na ukweli wa zile mizani nyingine, na hapo kibanda chake kitafungwa, na kibanda ndicho kinachowalisha. Akinyamaza, mtoto anafutwa. Hakumwomba mgeni ushauri, na Siwatu hakutoa. Chiku alikuwa kizingitini akiwasikiliza, mizani haipo tena mikononi mwake, maana karani aliichukua iwe ushahidi.

Baraza lilikaa chini ya dari refu, wajumbe wamevaa majoho. Mwenyekiti alikuwa mama mzima, Bi Arafa, aliyesikiliza kila mtu kwa makini na kuandika kidogo. Wa kwanza kuitwa alikuwa Mwalimu Kitwana. Aliulizwa kama alimfundisha mtoto huyu mizani. Akasema amemfundisha, na mtoto anazijua sehemu zote. Akaulizwa kama amewahi kumwona akigusa kifaa chochote. Akajibu kwamba hapana, shule yao haina rekodi ya mtoto aliyegusa. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mjumbe mmoja akahitimisha kwamba, kama mtoto hajawahi kugusa, basi hajui kutengeneza, na kama hajui kutengeneza, hii si yake. Hakuna aliyeuliza kuhusu zile nyingine.

Mjumbe kijana akatoa wazo kwamba mtoto apewe vifuu na ufito atengeneze mbele yao. Wazo likajadiliwa kwa utulivu na kwa muda mrefu. Ikaonekana lina tatizo. Akitengeneza mizani mbaya, atakuwa amerudia kosa lile lile mbele ya Baraza. Akitengeneza nzuri, atakuwa amethibitisha kwamba ile mbaya si ya mkono wake. Na zaidi ya hayo, kumpa mtoto kisu ni hatari. Wazo likaondolewa.

Siwatu akaomba ruhusa kusema. Alisema yeye hana la kujitetea, ila anaomba jambo moja dogo, kwamba mizani ijaribiwe kwa kupimia. Wajumbe walitazamana. Haikuwa kawaida yao, lakini haikukatazwa. Mwenyekiti akatoa kengele yake ndogo ya shaba, Siwatu akaitia katika kitanga kimoja cha mizani ya Chiku, na katika kingine akatia kikombe cha maji cha karani. Mti ukainama upande wa kengele, ukabaki umeinama.

"Imeanguka," alisema mjumbe mmoja.

Ikaletwa mizani nyingine kutoka Jumba la Maonyesho, yenye shingo ya korongo, iliyopata alama za juu. Vitu vile vile vikatiwa. Haikutikisika. Mnong'ono wa kuridhika ukapita katika safu za wajumbe, na yule mjumbe akasema kwamba sasa kila mwenye macho ameona tofauti ya kazi iliyokamilika na isiyokamilika, kwani hii imetiwa kengele na haikupoteza adabu yake.

Siwatu alikaa chini. Alitaka kucheka, kisha akamtazama Chiku, na kicheko kikamwishia. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa, akikwangua ukucha wake uliovunjwa na kisu cha viazi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeanza kuamini kwamba alichokiona kwa macho yake hakikuwapo.

Hapo ndipo Bi Mwanasha aliposimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Hakupaza sauti. "Hiyo iliyotulia nimeitengeneza mimi," alisema. "Na zote zilizo kule jumbani. Ina msumari katikati, mwaweza kuutafuta. Mwenyekiti, na ile saa ya mbao ya mjukuu wako ni mimi niliyemwelekeza fundi aliyeichonga, na ulinishukuru vizuri, Mungu akubariki. Hiyo inayoinama sikuitengeneza. Nilikuwa nimelala, nimechoka kwa mizani za watoto wenu. Ninaomba radhi, lakini siliombi Baraza. Namwomba mwanangu."

Kila mjumbe alikuwa na mtoto au mjukuu, na kila mmoja alitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Walioona vidole vyao vimefungwa vitambaa waliviingiza ndani ya majoho. Jambo hili halikuwa siri kwa yeyote pale ndani. Ila lilikuwa halijawahi kusemwa kwa sauti.

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa Mkaguzi Shomvi. Alikwenda hadi mezani, akaishika mizani mbovu kwa ncha za vidole. Aliigeuza huku na huku. Kisha akamwita Chiku, akachutama, urefu wake wote, hadi macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Kijiwe hiki umekifunga hapa kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu kifuu kile ni kinene," Chiku alijibu. "Kilikuwa kinashuka hata kikiwa kitupu. Nikaona si haki."

"Ungetafuta vifuu vinavyolingana."

"Sikuwa navyo. Nilikuwa na hivi."

Mkaguzi alikigusa kile kijiwe kwa ncha ya kidole. Alipoinuka alizungumza polepole, akiwatazama wajumbe, lakini kama anayejiambia mwenyewe. Alisema mtu mzima angechagua vifuu vinavyolingana. Mtu mzima angeona aibu ya kijiwe. Alisema amekagua kazi za mikono maisha yake yote, na leo ndiyo mara ya kwanza ameuliza swali juu ya kazi akajibiwa na aliyeitenda. Kisha akasema anaondoa shitaka, akaenda akaketi.

Lakini Baraza haliwezi kuvunjika hivi hivi. Baada ya kujitenga kwa mashauriano marefu, wajumbe walirudi na Mwenyekiti akasoma uamuzi. Kazi ya Chiku imepokelewa, na mtoto ataendelea na shule. Bi Mwanasha ameondolewa Mtaa wa Msaada. Kosa lake halikuwa kusaidia, kwa kuwa kusaidia ni wema. Kosa lake lilikuwa kulisema hadharani jambo ambalo kila mtu alikuwa amelitunza vizuri. Na kwa kuwa imedhihirika kwamba kazi halisi ya mtoto huwa na kasoro, Baraza limerekebisha kifungu cha mwisho cha sheria. Tangu sasa kila kazi itakayoletwa shuleni iwe na kasoro za kutosha, na isiyo na kasoro itakataliwa.

Mwanasha alitoka nje ameshika mkono wa binti yake. Wiki ile alianza kukaanga maandazi barazani kwa dada yake, na hayakuwa yakitoka vizuri mwanzoni. Walikula kwa kubana. Lakini jioni alikuwa nyumbani, yu macho, na Siwatu alimwona akikaa juu ya kile kinu uani, mikono ameibana katikati ya magoti, akimtazama Chiku akijaribu kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyejua bado ni nini. Mara mbili tatu mkono ulimtoka mama akaurudisha.

Shuleni Kitangani nako kulikuwa na jambo. Mwalimu Kitwana, mtaratibu yule, Ijumaa moja aliwapitisha watoto dirishani kama kawaida, kisha akaenda kunywa chai, na ufunguo akauacha mlangoni. Alipoulizwa na mkuu wa shule alisema amesahau. Ijumaa iliyofuata akasahau tena.

Siku ya kuondoka, Siwatu alipitia Mtaa wa Msaada. Alidhani angeukuta umefungwa. Aliukuta umejaa kuliko zamani. Wazazi walikuwa wamepanga mstari, sasa wakiomba msaada wa mizani mbaya. Fundi mmoja aliyemfahamu, Fundi Saburi, alimwona akamvuta pembeni kwa heshima. Alimlalamikia kwamba sheria mpya imewatesa. Mtu amejifunza miaka kumi na zaidi kunyoosha mti, leo aambiwe aupinde, na Wakaguzi wamekuwa wajanja, wanajua kasoro ya kweli na kasoro ya kuigiza. Akamuuliza, kwa kuwa Mwalimu anatoka nchi yenye uzoefu wa kazi mbaya, watoto hukosea wapi hasa.

Siwatu alimwambia kwamba hajui. Kila mtoto hukosea pake.

Saburi akasema ndivyo na wao walivyogundua. Ndiyo maana mafundi wamekubaliana kuwaleta watoto wao wenyewe vibandani. Wanawapa vifuu, kamba na visu, wao wanakaa pembeni wakitazama jinsi wanavyoharibu, na kunakili. Alimwonyesha kwa mkono. Siwatu akatazama, na kweli, uchochoro mzima ulikuwa umejaa watoto wamechuchumaa, wanatoboa, wanafunga, wanafungua, wanagombania kisu, wananyonya vidole, na nyuma ya kila mtoto mtu mzima amekaa kimya na kifuu chake mkononi, akimfuata kama mwanafunzi.

Binti yake Saburi, mtoto mdogo mwenye pengo, alikuwa amemaliza yake. Akampa baba. Saburi akainyanyua juu, akatia msumari upande huu na kokwa ya tende upande ule. Mti ukainama pale unapopaswa kuinama. Akavitoa vyote, ukarudi ukasimama sawasawa. Fundi akakunja uso, akaiweka nyuma yake pamoja na nyingine nyingi za namna ile.

Siwatu akamuuliza kama anaweza kuichukua hiyo, awaonyeshe walimu wenzake.

"Ichukue tu, Mwalimu, haina kazi hapa," alisema Saburi. "Nimekwisha mwambia huyu apumzike, atafutwe mwingine. Tangu nimpe kisu na kamba mikono yake imeharibika, haikosei tena."